Dawa itokane na majani, si na mahindi

Mkulima wa Kifaru, wilayani Mwanga, akisikia GMO (viumbe vilivyobadilishwa jeni) huwaza mahindi, na ana haki. Tangu serikali ilipositisha majaribio ya mahindi ya Makutupora, Dodoma, Novemba 2018, mjadala wetu umekwama kwenye mbegu. Lakini upo mmea mwingine usioliwa na mtu, wa jamii ya tumbaku, unaoweza kutengeneza kingamwili za kutibu, na huo tusiuhukumu kwa kesi ya mahindi. Kwa mfano, aliyejeruhiwa vibaya na mbwa mwenye kichaa anahitaji chanjo pamoja na kingamwili zinazodungwa kwenye jeraha lenyewe. Hizi mara nyingi hutolewa katika damu ya watu waliochanjwa au ya farasi, kwa hiyo ni ghali na adimu, na mwanakijiji wa Same au Mwanga hawezi kuzitegemea. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba kichaa cha mbwa huua Watanzania 1,500 kwa mwaka. Kuchanja mbwa kunabaki kinga ya kwanza, ila hakumsaidii aliyekwisha kung'atwa. Watafiti wa taasisi ya CSIR, Afrika Kusini, wameshatengeneza kingamwili za ugonjwa huu ndani ya majani ya mmea huo wa jamii ya tumbaku.

Wanaohofia uchafuzi wa mazao ya chakula wana ushahidi. Mwaka 2002 huko Nebraska, Marekani, masalia ya mahindi yaliyobadilishwa jeni ili yatoe dawa, ya kampuni ya ProdiGene, yaliota katika soya, na shehena kubwa ya soya ikabidi iteketezwe. Upareni, ambako chavua hupita mpaka wa shamba na mbegu huhifadhiwa kwa msimu ujao, hatari ingekuwa kubwa zaidi. Ndiyo maana nasema zao la chakula lisitumike kabisa. ZMapp, dawa ya Ebola ya mwaka 2014, ilitengenezwa kwa njia nyingine: bakteria walipeleka jeni ya kingamwili kwenye majani ya mimea ya jamii ya tumbaku iliyokwisha kukua ndani ya jengo, yakavunwa baada ya siku chache, na jeni hiyo haikuingizwa kwenye mbegu. Ni kweli kwamba katika jaribio la Kongo la 2018 na 2019 ZMapp ilishindwa: karibu nusu ya waliopewa walikufa, dhidi ya takriban asilimia 35 kwa kingamwili ya mAb114, iliyotokana na damu ya mtu aliyenusurika mlipuko wa Ebola wa Kikwit, Kongo, mwaka 1995. Lakini jaribio lile lilishindanisha dawa, halikuupima mmea kama kiwanda.

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kina wataalamu wa mimea na mifugo, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) ina uzoefu wa utafiti wa tiba. Wizara za Kilimo na Afya ziwaruhusu waanze na kichaa cha mbwa, ndani ya kitalu nyumba kilichofungwa, na matokeo yatangazwe kwa Kiswahili.