"Amepewa Maelezo." Amepewa Nani?

Kuna sentensi moja ya hospitali inaniudhi kuliko hata bili. Huandikwa kwa Kizungu kwenye karatasi unayotoka nayo kasualti, na maana yake ni hii: mgonjwa amepewa maelezo. Fupi hivyo. Ukiisoma unaona kazi imeisha, mtu aende nyumbani.

Mimi nasema kazi haijaisha hadi huyo mgonjwa, au mtu wake, aseme kwa mdomo wake mwenyewe atafanya nini akifika nyumbani.

Chukulia binamu yangu, msee wa boda. Mwaka jana aliteleza kwa mvua akagonga kichwa. Kasualti walimshona, wakamwangalia, wakamruhusu kama saa nane usiku. Karatasi ikaandikwa ameelezwa kuhusu jeraha la kichwa. Sasa niambie, aliyeelezwa ni nani? Ni yule yule aliyegonga kichwa! Mtu hakumbuki hata alifikaje hospitali, halafu ndiye anapewa mambo ya kukumbuka. Shangazi, ambaye ndiye angekesha naye, wakati huo alikuwa kwa foleni ya kulipa.

Asubuhi akaanza kutapika. Shangazi akadhani ni dawa kwa tumbo tupu, akapika uji. Akatapika tena. Mara ya tatu jirani, ambaye ni nesi, akasikia kupitia ukutani, akaja, akauliza maswali mawili na kusema arudishwe saa hiyo hiyo. Alilazwa siku kadhaa. Leo yuko stejini anabeba watu, tunashukuru Mungu. Lakini aki, alisaidiwa na kuta nyembamba za ploti yetu.

Na yale aliyofaa kuambiwa shangazi si mengi. Mtu aliyegonga kichwa akitapika tena na tena, kichwa kikizidi kuuma, akiwa mgumu kuamka, akichanganyikiwa, akipata kifafa, au akitoka maji au damu puani au masikioni, unamrudisha hospitali mara moja, hungoji asubuhi. Hiyo unaisoma kwa nusu dakika.

Badala yake unapewa kodi. Ushaona karatasi imeandikwa "TCA SOPC 2/52"? Inamaanisha urudi kliniki ya upasuaji baada ya wiki mbili. 2/52 ni wiki mbili kati ya 52 za mwaka. Wewe ungejuaje? Na 5/7 sio tarehe tano mwezi wa saba, ni siku tano za kumeza dawa. 1x3 ni tembe moja mara tatu kwa siku, lakini mtu anaweza kuisoma kama tatu kwa mpigo na hutamlaumu. Hiyo lugha ni ya daktari kumwandikia daktari mwenzake, na mtu wa chemisti anaielewa. Mgonjwa ndiye amebeba barua isiyomhusu.

Najua mtaniambia madaktari na manesi wamechoka, na ni kweli. Saa nane usiku, watu wamejaa kwa benchi, mwingine anavuja damu sakafuni, nani ana muda wa kufundisha? Lakini angalia muda unaopotea mtu akirudi akiwa mbaya zaidi. Na sisemi darasa. Nasema swali moja. Tena lisiwe "umeelewa?", kwa sababu sisi Wakenya tukiulizwa hivyo na mtu wa koti nyeupe, jibu ni moja tu: "Ndio, daktari." Tutajua nje. Uliza hivi: "Ukifika nyumbani, utamwambia mama nini kuhusu hii dawa?" Akijibu vibaya, umeligundua tatizo akiwa bado mbele yako.

Hili si ombi la huruma pia. Sheria ya Afya ya 2017 inasema mgonjwa aelezwe, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa na kwa njia inayozingatia kiwango chake cha kusoma. Katiba nayo, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Sasa mbona ile karatasi huwa Kizungu pekee? Kuchapisha upande wa nyuma ishara za hatari kwa Kiswahili, moja ya kichwa, moja ya plasta, moja ya mtoto mwenye homa, kunahitaji mashine gani?

Hadi hapo wabadilike, hii kazi ni yetu sisi tulio na simu. Kwa familia nyingi kijana ndiye hupigiwa usiku kwa sababu ana bando na "anajua Kizungu". Sawa, basi uliza kabla hujaita teksi: hii dawa ni ya nini, inaisha lini, kitu gani kikitokea turudi usiku huo huo, na tarehe ya kliniki ni ipi hasa, itaje kwa jina la siku. Omba ruhusa umrekodi daktari akieleza, halafu tuma hiyo sauti kwa grupu la familia la WhatsApp, lile la salamu za asubuhi. Akikataa kurekodiwa, andika. Na hakikisha anayesikiza ni yule atakayelala chumba kimoja na mgonjwa.

Niambieni, karatasi ya mwisho mliyotoka nayo hospitali ilikuwa imeandikwa nini, na kwenu ni nani aliweza kuisoma?