Mama, Kompyuta na Mchezo wa Amani



Wiki iliyopita, baada ya swala ya Isha, mama mmoja wa hapa Mpanda alitujia akilalamika kwamba mwanawe hashughuliki ila na michezo ya simu. Tulimjibu kwa haraka: mnyang'anye simu. Tulipofika nyumbani tukaona kuwa jibu letu lilikuwa pungufu.

Michezo ile haizuki yenyewe. Yupo mtu aliyekaa akapanga mchezaji ataruka wapi, ataanguka wapi, na wapi atapata nguvu ya kuendelea. Huko Japani, Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka walizichora kwanza hatua za Super Mario Bros., mchezo wa mwaka 1985, kwenye karatasi za grafu.

Karibu yetu zaidi yuko Lual Mayen, mtoto wa wakimbizi wa Sudan Kusini, aliyekulia kambini kaskazini mwa Uganda. Alipoiona kompyuta mwaka 2007 aliitamani. Mama yake hakumcheka. Alijinyima kwa miaka 3 hata akafikisha dola 300 za kuinunua. Kijana akawa anatembea saa 3 kwenda kuichaji. Akajifunza mwenyewe, kisha akaunda mchezo alioupa jina la Salaam, yaani amani. Ndani yake mchezaji ni mkimbizi anayekimbia vita, naye huhitaji maji, chakula na dawa ili aendelee kuishi. Mwaka 2018 Mayen alitunukiwa heshima katika tuzo za The Game Awards huko Marekani.

Wazee wetu wa Katumba na Mishamo, walioikimbia Burundi mwaka 1972, hawahitaji kufafanuliwa mchezo huo.

Hatusemi kwamba michezo yote ni mema, wala kwamba mtoto aachwe akeshe na simu. Swala ina wakati wake, na masomo yana wakati wake. Lakini mama yule tutamrudia kwa jibu jingine: amwulize mwanawe mchezo huo umepangwaje, na yeye angeupanga vipi. Kijana akieleza kwa hamu, basi mama asimame pale aliposimama mama wa Mayen. Akikosa la kusema, simu ipumzike.