Vumbi la msasa lisirudi nyumbani na baba



Anayeijua Tunduma anajua kuwa malori ni sehemu ya uhai wa mji huu. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hupita hapa kuingia Zambia, na palipo na malori hapakosi mafundi wa bodi na rangi. Hiyo ni riziki ya halali, wala safu hii haikusudii kuikashifu. Tunachosema ni kimoja: kazi ya kukwangua na kupiga rangi magari isifanyiwe uani kwetu, na uchafu wake usiletwe nyumbani.

Chukua mfano wa bampa la faiba. Faiba ni nyuzi nyembamba za kioo zilizogandishwa kwa gundi. Bati waweza kulipaka dawa kali rangi ikababuka, lakini faiba ukiipaka dawa hiyo huliwa hata gundi yake. Kwa hiyo fundi hukwangua kwa msasa, na msasa hutimua vumbi lenye chembe za kioo, puti na rangi ya zamani. Chembe hizo huwasha ngozi, macho na koo. Aidha, baadhi ya rangi za zamani zina madini ya risasi, ambayo Shirika la Afya Duniani linasema hayana kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mtoto anayetambaa na kulamba vidole huyaingiza mwilini, nayo hudhuru ubongo wake.

Kisha huja kupuliza. Rangi inayochanganywa na hadina hutoa kemikali ziitwazo isosianeti, zinazoweza kumletea mtu pumu. Akishaipata, hata kiasi kidogo cha rangi hiyo humbana kifua. Kitambaa cha puani hakizuii mvuke huo. Wala maziwa, ambayo wengi huamini kuwa "yanasafisha kifua", hayasaidii: maziwa huenda tumboni, si kwenye mapafu.

Lipo pia suala la udhu. Rangi iliyoganda huzuia maji kufika kwenye ngozi, hivyo sharti iondolewe. Matokeo yake fundi hunawa kwa thina kila swala ikikaribia. Thina hukausha na kupasua ngozi, na nyingine hupenya hadi ndani ya mwili. Glavu zingemwepusha na yote mawili. Doa bichi litolewe kwa mafuta ya kupikia na sabuni.

Wapo watakaosema kuwa fundi mdogo hana fedha za kukodi eneo. Ni kweli, lakini ndoo ya maji haimshindi. Msasa wa maji hupunguza sana vumbi. Avue nguo za kazi na kuoga kabla ya kuwabeba watoto, na nguo hizo zifuliwe peke yake. Thina isiwekwe kwenye chupa ya maji ya kunywa. Mtoto akiinywa, usimtapishe. Mkimbize kituo cha afya.

Kwa upande wa viongozi wa mitaa, watenge maeneo ya kazi hii mbali na makazi, shule na visima. Riziki ya baba haiwi na maana ikiwa inanunuliwa kwa pumzi ya mwanawe.

Allah atujaalie afya njema.