Mizani ya Pamba na Mizani ya Nyumba

Mwezi uliopita tulipata barua ya mwalimu mmoja wa ng'ambo ya ghuba, upande wa Sengerema. Atuambia kwamba amewekwa kuwa mwalimu mkuu, naye bado ni mweka hazina wa chama cha wakulima, tena ndiye afundishaye kwaya. Atuuliza: "Mtu afanyeje ili awe kiongozi mwema, asiangushe kazi hata moja?" Barua hiyo tumeikalia siku nyingi, maana swali lake latugusa sisi wenyewe, na jibu tulilo nalo si lile alilolitarajia.

Kwanza tumkumbushe habari ya mizani. Wazee wa Usukuma walituhadithia tulipokuwa wadogo jinsi pamba ilivyouzwa zamani, kabla ya vyama vya ushirika. Mkulima alilima, akapalilia, akachuma, akabeba mzigo wake kwa mguu mpaka kwa mnunuzi. Hapo mizani ilikuwa ya mnunuzi, na kalamu ya kuandika ilikuwa ya mnunuzi, na jicho la kusoma ule mshale wa mizani lilikuwa la mnunuzi pia. Mkulima alisimama pembeni akishika kofia yake. Alipopewa fedha, alikwenda zake akinung'unika, kwa kuwa aliona moyoni kwamba ameibiwa, walakini hakuweza kusema ameibiwa ratili ngapi. Manung'uniko hayo yakajaa nchi yote ya Ziwa.

Basi akatokea kijana mmoja, jina lake Paul Bomani. Alizaliwa mwaka 1925 upande wa Musoma, mtoto wa mhubiri, akasoma katika shule za misheni, kisha akawa karani katika machimbo ya almasi ya Mwadui. Mwaka 1947 akawa katibu wa chama cha ushirika cha wafanya biashara Waafrika hapa Mwanza, naye alikuwa na umri wa miaka 22 tu. Huyu hakukaa mjini kungoja watu waje mezani pake. Alikwenda vijijini, akasikiliza yale manung'uniko ya mizani, akawaambia watu waungane. Mwaka 1952 wakaanza umoja wa wakulima wa Jimbo la Ziwa, na mwaka 1955 vyama vyao vikafungamana kuwa Victoria Federation of Cooperative Unions, ambacho kilikua hata kikahesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika katika Afrika nzima. Baadaye Bomani alikuwa Waziri wa Fedha wa nchi yetu, tena Balozi wetu huko Marekani, akafa mwaka 2005. Mambo hayo ya ukubwa yajulikana, hatuna haja ya kuyarefusha.

Liko jambo moja ambalo watu hulipita upesi, nalo ndilo tulipendalo sisi. Tazameni miaka ile: umoja ulianza mwaka 1952, na mwaka 1953 Bomani aliondoka akaenda Uingereza, mji wa Loughborough, kusoma kazi ya ushirika! Chama kilikuwa kichanga, hata meno hakijaota. Mtu mwingine angalisema, "Nikiondoka sasa, nani atashika? Watu wananitegemea mimi. Nitasoma hapo baadaye, mambo yakitulia." Nasi twajua kwamba mambo hayatulii kamwe. Yeye alijiona kwamba kazi imekuwa kubwa kupita elimu yake, akaenda kuiongeza elimu, akawaachia wenzake mzigo. Wakaubeba. Aliporudi alikuta chama kipo, ndipo wakajenga kile kikubwa zaidi.

Kama chama huanguka kwa sababu mtu mmoja amekwenda shule, basi hakikuwa chama. Kilikuwa mtu mmoja na kivuli chake.

Na upande wa pili wa habari hii usifichwe. Chama kile kilikua upesi sana, na watu wa kukiendesha hawakukua upesi vile vile. Makarani waliofunzwa walikuwa wachache, wanachama wengi hawakuelewa vitabu vya hesabu, upendeleo ukaingia. Mwaka 1966 Serikali iliunda tume ya kuchunguza vyama vya ushirika nchini, nayo ilikuta makosa ya namna hiyo mahali pengi. Mwaka 1968 mahali pa Victoria Federation pakashikwa na Nyanza Cooperative Union. Mwaka 1976 Serikali ikavunja vyama vikuu vyote, hata sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Huzuni yetu ni hii, kwamba katika mahali pengine mkulima alirudi kusimama pembeni ya mizani akishika kofia, na safari hii mwenye mizani alikuwa ndugu yake. Kukua kwa chama na kukua kwa mtu havifuatani vyenyewe. Yapasa mtu akusudie.

Sasa, mwalimu, tutakuambia jambo la nyumbani kwetu, ijapokuwa si la kujivunia.

Kwa miaka sita tulikuwa na kazi kama zako, tena labda kuzidi. Asubuhi mafundisho, mchana kikao, jioni wagonjwa, usiku hesabu za kikundi. Watu walitusifu. Walisema, "Mwalimu hachoki." Tulipendezwa na sifa hiyo, tukaitafuta tena kesho yake kama mtu atafutaye tumbaku. Mwana wetu wa kwanza alikuwa kidato cha pili. Siku moja mvuvi mmoja alitusimamisha sokoni Kirumba akasema, "Mwalimu, kijana wako ni hodari wa kuvuta wavu." Tukamjibu kwamba amekosea, kijana wetu yuko shuleni. Akatutazama kwa haya, akanyamaza. Kumbe mtoto ameacha shule wiki saba, yuko kambi ya dagaa kisiwani. Mama yake alijua. Majirani walijua. Wanafunzi wetu wa mafundisho walijua. Sisi tuliokuwa tukiwafundisha watu wazima malezi ya watoto, tulikuwa wa mwisho kujua.

Tulirudi nyumbani na hasira, tukamwuliza mama watoto kwa nini hakutuambia. Hakupaza sauti. Alikuwa akianika michembe. Akasema, "Baba, nilikuambia mara tatu. Mara ya kwanza ulikuwa ukiandika, ukasema 'ndiyo'. Mara ya pili ulisema tutazungumza baada ya kikao. Mara ya tatu ulikuwa umelala umekaa." Kisha akaongeza, "Hata wavuvi wana mbalamwezi yao."

Wasomaji wa mbali na Ziwa huenda wasielewe neno hilo. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, dagaa wakaifuata nuru, wakazungukwa na wavu. Mwezi ukiwa mpevu, taa haina nguvu, kwa maana nuru imeenea pote. Basi wavuvi hupandisha mitumbwi mwaloni, wakashona nyavu, wakarudi makwao kuona watoto. Hawapumziki kwa kuwa ni wavivu, wala kwa kuwa kazi imekwisha. Dagaa wamo majini vile vile. Wanapumzika kwa sababu siku hizo kazi yenyewe haizai. Nasi tuliona aibu, kwa kuwa tulikuwa tumewasha taa yetu kila usiku kwa miaka sita, giza na mbalamwezi, bila kuuliza tumepata nini wavuni.

Wako watakaotujibu kwa mfano wa Alexander Mackay, yule fundi wa misheni, na mfano wake ni mzito. Alifika pwani ya Afrika mwaka 1876, na tangu hapo hakurudi kwao hata mara moja. Aliitwa arudi kupumzika, akakataa. Alikuwa mhunzi, seremala, mpiga chapa na mwalimu, yote kwa mikono miwili. Akafa kwa homa huko Usambiro, kusini mwa Ziwa letu hili, mwezi wa Februari 1890, mwenye umri wa miaka 40. Hatumhukumu mtu huyo, wala hatustahili kufungua gidamu ya viatu vyake. Lakini hakuwa na mke wala mtoto aliyemngoja mezani. Alitoa kilicho chake mwenyewe. Sisi wenye nyumba, tukijimaliza kwa kazi, twatoa sadaka ya mali ya wengine, wala hatukuwaomba ruhusa.

Basi ushauri wetu kwako, mwalimu, ni kwamba usitafute jinsi ya kuzishika kazi tatu pasipo kuangusha. Weka moja chini kwa hiari yako, kabla haijaanguka yenyewe ikavunjika. Sisi twaona ni hiyo ya hazina. Shule umepewa, na kwaya yakupa furaha, bali fedha za watu zataka mtu mwenye usingizi wa kutosha. Usiiache ghafula. Mtafute kijana ajuaye hesabu, keti naye msimu mmoja wa pamba, yeye aandike nawe utazame, kisha msimu wa pili yeye aandike na wanachama watazame. Vitabu visomwe kwa sauti mbele ya watu wote, hata kama wengine watasinzia. Atakosea. Nawe ulikosea ulipoanza, ila labda hapakuwa na mtu wa kuona.

Tena usikubali kwamba umekwisha kusoma kwa kuwa umekuwa mkuu. Sisi tumejiwekea nusu saa ya alfajiri, kabla ya kuku kushuka, ya kusoma kitu ambacho hatutakifundisha kwa mtu. Mwanzoni ilitusumbua sana. Mkono ulikuwa ukitafuta kalamu ili tuandike somo la wengine. Siku hizi umetulia.

Kuhusu mwana wetu, hatuwezi kusema yote yamenyoka. Tulimfuata kisiwani kwa mtumbwi. Hatukumpiga, wala hatukumhubiri, ingawa maneno yalikuwa tayari kinywani. Tulikaa naye mchana kutwa tukigeuza dagaa juani, naye alitufundisha namna ya kuwageuza, kwa kuwa tulikuwa tukiwavunja. Shule hakurudi mwaka ule. Sasa yuko chuoni ajifunza ufundi wa mashine za mitumbwi, na likizoni huvua. Siku za mbalamwezi huja nyumbani, akala ugali wa muhogo pamoja nasi, akazungumza kidogo. Kidogo hicho twakihesabu.

Kikao cha mwezi ujao kilikuwa kimeangukia siku hizo. Tumemwomba katibu akiongoze yeye, na ufunguo wa sanduku tumekwisha kumpa. Utuandikie, mwalimu, utuambie wa kwako umempa nani.