Dizeli ya Mibono na Hadithi ya Ardhi Tupu

Imani iliyoenea kwamba dizeli ya mimea inaweza kuzalishwa kwa wingi bila kugusa chakula cha mtu yeyote, mradi itokane na mmea usioliwa unaopandwa kwenye ardhi isiyotumika, haina msingi, na historia ya mibono nchini Tanzania inatosha kuikanusha. Mibono, ambayo wengi huijua kwa jina la mibono kaburi, ilinadiwa katika miaka ya 2000 kuwa mmea usiodai mvua, mbolea wala rutuba. Ni kweli kwamba ukame hauuui upesi. Lakini kustahimili ukame si kuzaa, na mbono ulioachwa kwenye udongo uliochoka hutoa mbegu chache kiasi kwamba ujira wa wachumaji huweza kuimeza faida yote, huku mashudu yake, yaani makapi yanayobaki baada ya kukamua, yakiwa na sumu isiyoruhusu kuwalisha mifugo kama ilivyo kwa mashudu ya alizeti.

Aliyetaka mavuno ya biashara alilazimika basi kutafuta ardhi nzuri, na ardhi nzuri ina wenyewe. Wilayani Kilwa, kampuni ya Kiholanzi ya Bioshape ilijipatia takriban hekta 34,000. Kisarawe, kampuni ya Kiingereza ya Sun Biofuels ilipata zaidi ya hekta 8,000. Maeneo hayo yaliitwa mapori matupu kwa kuwa hayakuwa yamelimwa yote, ilhali wanavijiji waliyategemea kwa maji, kuni, mkaa na miti ya kujengea, mahitaji ambayo hayaandikwi katika hesabu ya mwekezaji. Bioshape ilifilisika mwaka 2010, na Sun Biofuels ikasimamisha kazi mwaka 2011. Dhuluma kubwa zaidi ilifuata baada ya hapo: kwa sheria, ardhi ya kijiji hugeuzwa kwanza kuwa ardhi ya jumla, iliyo chini ya serikali kuu, ndipo mwekezaji wa kigeni aipate, na mwekezaji huyo akiondoka hairudi kijijini yenyewe.

Wapo wanaojibu kwamba dawa ni viwanda vidogo vya vijijini. Hawa hulisahau suala la ubora. Mafuta ya mimea huwa dizeli yanapochanganywa na methanoli, aina ya alkoholi inayotengenezwa zaidi kwa gesi asilia, pamoja na kichocheo, ndipo glisarini ijitenge. Mafuta yakiwa na maji au asidi nyingi, sehemu yake hugeuka sabuni, na dizeli isiyosafishwa vizuri huziba filta na nozeli za injini. Ndiyo maana kiwango cha Ulaya, EN 14214, hakiruhusu maji kuzidi miligramu 500 kwa kilo moja, kipimo kisichoweza kuthibitishwa bila maabara.

Hata pale ubora unapopatikana, soko la mafuta ya mimea ni moja. Indonesia, mzalishaji mkubwa kuliko wote wa mawese, iliagiza dizeli yake ichanganywe na asilimia 30 ya mafuta hayo mwaka 2020, ikapandisha hadi 35 mwaka 2023 na 40 mwaka 2025. Mawese yanayoingia kwenye matangi ya malori ya Java hayafiki Mombasa wala Dar es Salaam. Nchi hiyo ilipozuia mawese yake kuuzwa nje kuanzia tarehe 28 Aprili 2022, kwa majuma kadhaa, ilionekana jinsi jiko la Afrika Mashariki lilivyofungwa kwenye maamuzi ya nchi yenye magari mengi ya kulisha.

Dizeli isiyomdhulumu mtu inaweza kutengenezwa kwa mafuta yaliyokwisha kukaangiwa hotelini, ingawa hayo ni machache na hayatatosheleza taifa. Serikali na ivirudishie rasmi vijiji vya Kilwa na Kisarawe mashamba yote yaliyotelekezwa, na mkutano mkuu wa kijiji chochote usikubali tena kutoa ardhi kwa zao la nishati kabla ya kuonyeshwa mavuno halisi yaliyopimwa kwenye udongo wa hapohapo.