Kupima macho si kuchukuliwa utambulisho

Mhariri,

Hapa Wattaya nawasikia wazee wenzangu wenye kisukari wakikataa kupigwa picha ya macho, eti wataporwa utambulisho kama Wakenya waliosomwa macho na mradi wa Worldcoin. Jamani, si kitu kimoja! Kule Nairobi mashine ilisoma iris, duara lile la rangi linalozunguka mboni. Serikali ya Kenya ikaisimamisha kazi hiyo Agosti 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data zifutwe. Daktari hupiga picha ya retina, nyuma kabisa ya jicho, kutafuta mishipa inayovuja damu kabla mgonjwa hajaanza kuona kiza. Hofu ya wazee hao siidharau, maana retina nayo yaweza kumtambulisha mtu. Basi waulize picha itahifadhiwa wapi na nani ataiona, kisha wakapimwe.

Msomaji wenu,
Wattaya, Maskati