Kamera ya Thamani Haimfundishi Mtu Kupiga Picha

Aghalabu mazungumzo ya kuanzisha chama cha wapiga picha shuleni huishia kwenye bei ya kamera. Fedha zikikosekana, chama hakianzishwi. Zikipatikana, hununuliwa kamera moja ya thamani, nayo hufungiwa kabatini isije ikaharibika. Kwa vyovyote vile mwanafunzi hajifunzi. Maoni yetu ni kwamba mpango wa namna hii huanzia mwisho.

Upigaji picha ni somo la nuru kabla ya kuwa somo la chombo. Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965, alichunguza jinsi nuru inavyopita katika kitundu na kuingia mahali penye giza, wakati ambapo hapakuwa na kamera wala filamu duniani. Jaribio kama hilo laweza kufanywa darasani kwa sanduku la kadibodi, karatasi nyembamba ipitishayo nuru, na kitundu cha sindano. Sura ya mti ulio nje itaonekana kichwa chini. Kitundu kikipanuliwa, sura itang'aa zaidi lakini itaingia ukungu. Kikiwa chembamba, sura itakuwa dhahiri zaidi lakini hafifu. Mwanafunzi aliyeyaona hayo kwa macho yake hatatishwa na tundu la lenzi yoyote.

Wako watakaosema kwamba chombo duni huzaa kazi duni. Historia haikubaliani nao. Mwaka 1900 kampuni ya Kodak ya Marekani ilitoa kamera iitwayo Brownie, kisanduku chenye lenzi sahili kilichouzwa kwa dola moja. Mwaka 1916 kijana wa miaka 14, Ansel Adams, alipewa kamera ya jamii hiyo alipozuru bonde la Yosemite. Baadaye alisifika duniani kwa picha za milima ile ile. Lakini kati ya kisanduku na sifa hiyo ilipita miaka mingi ya kurudi mahali pale, kupima nuru, na kusafisha picha katika chumba cha giza.

Hatusemi kwamba vyombo havina maana. Anayetaka picha ya ndege aliye mbali hana budi kuwa na lenzi ndefu, na penye mwanga hafifu lenzi yenye tundu pana ina faida isiyokanushika. Hata hivyo, haja hiyo huifahamu barabara yule aliyekwisha kufikia kikomo cha chombo alichonacho. Kadhalika simu ya mkononi, ambayo hujipimia nuru yenyewe, yafaa kwa mazoezi, mradi mwalimu aulize: kwa nini uso wa mtu aliyesimama mbele ya dirisha umetoka mweusi? Pasipo swali hilo, simu ndiyo iamuayo, na mwanafunzi hubonyeza tu.

Twapendekeza, basi, kwamba walimu waanze na kilichopo. Kila mwanafunzi apige picha ya mti mmoja wa uwanjani asubuhi, adhuhuri na jioni kwa muda wa wiki moja, akiandika daftarini saa, upande wa jua na urefu wa kivuli. Picha hizo zibandikwe ukutani na kujadiliwa. Mwisho wa muhula chama kitajua ni kamera gani inayohitajika, na kwa sababu gani. Kamera huchakaa, ujuzi, kama walivyosema wahenga, hauzeeki.